Mkalimani wa Koko na Volkano za Matope

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai na mandazi, kazi yangu huanza. Sivai sare wala silipwi, lakini ni kazi kwelikweli: mimi ni mkalimani wa Koko.

Koko ni bibi yangu, mama yake mama. Alizaliwa Uvira, mashariki mwa Kongo, akauza ndagaa sokoni kwa miaka thelathini. Anajua Kiswahili, Kifuliiru na Kifaransa cha kuwagombeza askari. Kiingereza kimegoma kumwingia. Tumeishi hapa Balsall Heath, mjini Birmingham, miaka minane sasa, na neno la Kiingereza analolitamka vizuri ni "sorry" tu, tena hulisema pale watu wanapomkanyaga yeye. Basi tukienda dukani, posta au kliniki, watu husema na mimi, mimi husema na Koko, Koko hunijibu, nami huwajibu watu. Jina langu ni Précieuse. Nina miaka kumi na miwili, na kwa kuongea sijambo.

Tatizo langu lilikuwa moja: haraka. Maneno ya watu wazima ni mengi mno, nami nilikuwa na mambo yangu.

Siku moja tulikuwa kwenye duka la dawa, kwa dada Bhavini. Dada Bhavini alimpa Koko dawa ya kuchua magoti akaeleza taratibu: apake mara mbili kwa siku, anawe mikono akimaliza, asiguse macho, na asiiweke karibu na moto. Mimi nilikuwa nimeshawaona rafiki zangu nje, wananisubiri na baiskeli.

"Anasema upake," nikamwambia Koko.

Koko alinitazama. "Maneno yote yale ni kupaka tu?"

"Kiingereza ni kirefu, Koko."

Jioni ile alipaka magoti, kisha akafikicha jicho. Weee! Nyumba nzima ilijaa kilio. Nilimkimbiza bombani, nikamwosha jicho, nikamwambia labda ni vitunguu. Akanishukuru sana kwa kumwosha. Nilijisikia vibaya kwa dakika mbili hivi, halafu nikasahau.

Mwezi Machi, Mjomba Djo akapiga simu. Mjomba Djo ni mdogo wake mama. Anafundisha Kifaransa katika mji wa Baku, nchini Azabajani, kando ya Bahari ya Kaspi. Hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mitano, na sasa alitaka Koko aende kumtembelea likizo ya Pasaka. Mama anatunza wazee kwenye nyumba moja kule Harborne, na likizo hakupata. Akanikalisha kitako.

"Utakwenda wewe na Koko," alisema. "Kule nje wewe ndiwe masikio yake na mdomo wake. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama!"

Nilichosikia ni "utakwenda." Mengine yalipita tu. Tayari nilikuwa nikirukaruka kwenye kochi, kwa maana Mjomba alikuwa ameniambia habari za mahali panapoitwa Gobustan. Kule kuna volkano zisizotoa moto, zinatoa matope! Na karibu yake kuna miamba yenye picha zilizochongwa na watu wa kale, maelfu ya miaka iliyopita. Nilitazama picha zake kwenye simu mpaka mama akaninyang'anya.

Safari ya ndege sitaisimulia, isipokuwa kusema kwamba Koko aliomba sala tangu tulipopaa mpaka tulipotua, na mimi nilikula chakula chake na changu.

Siku ya tatu Mjomba alikuwa na vipindi hadi mchana. "Lakini hamtakaa ndani," akasema. "Jirani yangu atawapeleka Gobustan. Kazi yake ni kuongoza watalii, na leo anawapeleka kwa urafiki tu. Mtaondoka saa mbili, saa saba mtakuwa mmerudi. Kiingereza anakijua vizuri, kwa hiyo Précieuse atatafsiri. Na jioni nimemwalika hapa aonje ugali na sombe ya Koko." Sombe ni mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa.

Jirani huyo aliitwa Sevinj. Mjomba aliniambia nimwite Tantine, kama tunavyowaita mama zetu wadogo na marafiki wa nyumbani. Alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na kicheko cha kuamsha mtaa. Gari lake lilikuwa la Kirusi, la zamani, fupi, lenye magurudumu makubwa. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba.

"Hili ni gari au mbuzi?" Koko aliuliza.

"Koko anasema gari lako ni zuri," nikamwambia Tantine Sevinj.

Unaona? Nilikuwa nimeshaanza.

Tulienda kama saa nzima kwenye barabara kuu, bahari upande wa kushoto, vilima vikavu upande wa kulia. Kisha Tantine Sevinj akakata kona, akaiacha lami, akanigeukia na macho yanayocheka. "Tayari?"

"Tayari!"

Mama yangu! Gari liliruka. Lilipanda tuta, likashuka korongo, likainamia upande mmoja mpaka nikaona ardhi dirishani, likanyooka tena. Vumbi lilitimka nyuma yetu. Nilipiga kelele za furaha hadi sauti ikakauka. Koko alikuwa ameshika mshikio kwa mikono miwili akiimba wimbo wa kanisani, na kila gari liliporuka, wimbo nao ulikatika katikati. Kwenye tuta la mwisho nilimwona anacheka. Koko wangu, wa miaka sitini na tisa, alikuwa anacheka kama msichana!

Tulipofika, nilifungua mlango kabla gari halijasimama vizuri. Mbele yetu kulikuwa na uwanda wa kijivu, hauna hata jani, na juu yake vilima vyenye ncha. Vingine vilikuwa vifupi kama vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba yetu. Nilipanda kilima kifupi cha karibu, nikachungulia shimo la juu. Matope yalikuwa yanatokota ndani yake kama uji! Povu kubwa lilivimba polepole, likang'aa, likapasuka, bluup! Matope yakamwagika ubavuni. Nilichovya kidole.

"Koko! Ni baridi! Yanachemka lakini ni baridi!"

Tantine Sevinj alieleza kwamba si joto linaloyasukuma, ni gesi kutoka chini kabisa ya ardhi, ndiyo maana mahali pale hata kiberiti hakiwashwi. Kulikuwa na harufu kidogo ya mafuta ya taa.

"Anasema ni gesi," nikamwambia Koko.

Koko aliinama akachukua tope kidogo, akalisugua kati ya vidole. Uso wake ukabadilika. "Udongo mzuri huu," alisema. "Laini, hauna mchanga. Kwetu mwanamke mwenye mimba angeutafuna, na mwenye maumivu angejipaka." Akawaona watalii wawili wakijaza matope kwenye chupa. Mara moja akatoa mfuko wa plastiki kwenye mkoba. Koko hatembei bila mfuko wa plastiki. "Nitachota wa magoti yangu, na wa Mama Cyriaque wa kanisani, naye magoti yanamsumbua. Muulize huyu mama kama inaruhusiwa."

Nikauliza. Tantine Sevinj alijibu kirefu. Alisema, ndiyo, achote, lakini upande huu tu, hapa penye nyayo za watu. Upande wa pili wa kilima asiende kabisa. Kule juu panaonekana pakavu, lakini ni ganda tu, chini yake ni matope mabichi, na mwaka jana ng'ombe alizama.

Yote hayo niliyasikia. Nataka uelewe hivyo. Niliyasikia vizuri kabisa. Lakini wakati ule ule povu kubwa kuliko yote lilikuwa limeanza kuvimba shimoni, na simu yangu ilikuwa tayari mkononi, inarekodi.

"Anasema ndiyo, chota," nikasema bila hata kugeuka.

Sasa, Koko hawezi kuchota kitu palipokanyagwa na watu. Miaka thelathini ya sokoni ilimfundisha kuchagua kilicho safi. Aliangalia upande wenye nyayo, akasonya, akazunguka kilima kwenda upande wa pili, kule ambako udongo ulikuwa laini, haujaguswa.

Nilisikia sauti kama ya sahani inayovunjika. Kisha nikasikia jina langu.

Nilipogeuka, Koko alikuwa amezama hadi magotini. Alijaribu kuuvuta mguu wa kulia, wa kushoto ukashuka zaidi. Matope yalifika mapajani. Kikwembe chake cha kijani, kile kitenge alichojifunga kiunoni, kilitandazika juu ya matope. Nilipiga kelele nikataka kumkimbilia, lakini Tantine Sevinj alinidaka kwa ukosi wa koti akanirudisha nyuma.

"Wewe baki hapa! Tafsiri!"

Alikimbia garini akarudi na mazulia mawili ya sakafuni. Aliyatandaza juu ya ganda, akalala juu yake kwa tumbo, akatambaa. "Mwambie asipigane na matope! Aegemee nyuma, kama anakaa kwenye kiti! Avute mguu mmoja tu, polepole!"

Nilitafsiri kila neno, kwa sauti kubwa, huku nalia. Hakuna neno lililoonekana refu wakati ule. Koko aliegemea nyuma. Tantine Sevinj akamshika kwapani. Mguu wa kwanza ukatoka, ukatoa sauti mbaya ya kufyonza. Kisha wa pili. Kiatu kimoja kilibaki chini, mpaka leo kipo huko.

Wote wawili walikuja kukaa kwenye udongo mgumu, wamejaa matope hadi nywele, wanahema. Nilimkumbatia Koko kwa nguvu.

Tantine Sevinj ndiye aliyezungumza kwanza. "Kwa nini alikwenda upande ule? Si nilimkataza?"

Na Koko, kabla hata sijageuza kichwa: "Muulize huyu mama. Kwa nini hakutuambia?"

Wote wakanitazama. Pale uwandani, mtu pekee aliyeelewa pande zote mbili alikuwa mimi. Hakuna ambaye angejua. Na ulimi, ule ulimi wangu hodari, ukachukua njia rahisi.

Nikamwambia Tantine Sevinj: "Koko anasema alisahau. Unajua, amezeeka."

Nikamwambia Koko: "Anasema pole. Alisahau kutuambia."

"Alisahau!" Koko alisema. Hakuongeza neno. Koko akigomba, ujue bado anakupenda. Akinyamaza, jihadhari.

Kuanzia hapo mambo yakawa mabaya kwa namna ambayo sikuitarajia. Tantine Sevinj, masikini, alimwonea Koko huruma. Alidhani akili ya Koko imechoka. Akamshika mkono kama mtoto, akamwinamisha kichwa asigonge mlango, akamfunga mkanda yeye mwenyewe, akasema naye polepole na kwa sauti kubwa. Koko akanigeukia macho yamemtoka.

"Huyu ananifunga mkanda? Kwanza nusura aniue, sasa ananifanya mtoto mchanga?"

"Anasema nini?" Tantine Sevinj aliuliza.

"Anasema asante," nikajibu.

Gari liliruka matuta yale yale tuliyojia, lakini hakuna aliyeimba. Tulikwenda upande wa miamba. Nilikuwa nimeota miamba ile wiki tatu nzima, na sasa nilitamani tusifike. Koko alisema atabaki garini, kwa kuwa ana kiatu kimoja. Tantine Sevinj alipoelewa, alifungua raba zake, akazipangusa, akapiga magoti mbele ya Koko akamvalisha. Yeye akabaki na soksi, juu ya mawe.

Koko alizitazama zile soksi. Nilimwona anataka kulainika, kisha akakaza uso. "Viatu havifuti kosa," alisema. Lakini alishuka.

Tulipanda njia nyembamba katikati ya mawe makubwa. Tantine Sevinj alikuwa anarukaruka kwa maumivu kila alipokanyaga changarawe. Akatuonyesha ukuta wa mwamba. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu jua lilipopiga pembeni, wakatokea! Watu waliochongwa, wameshikana mikono, wanacheza. Ng'ombe mwenye pembe ndefu. Mbuzi. Mashua ndefu yenye wapiga makasia wengi. Ningepaswa kupiga kelele ya furaha. Nilisimama tu, natazama soksi za Tantine.

"Mwambie Koko asijali habari za asubuhi," Tantine Sevinj alisema kwa upole. "Uzee unatungoja wote. Mwambie jioni nitakuja na keki ya karanga na asali niliyooka mwenyewe. Ni laini, haitamsumbua meno."

Kabla sijafungua mdomo, Koko naye akasema. "Mwambie huyu mama jioni asije. Sombe ni ya mkono wangu. Mtu aliyesahau uhai wangu, siwezi kuchovya naye bakuli moja."

Wakanisubiri. Kwa watu wetu, kumnyima chakula mtu uliyemwalika si jambo dogo. Ni kumfungia mlango mbele ya uso. Na aliyekuwa anafungiwa mlango ni mtu aliyetambaa kwa tumbo kumtoa bibi yangu kwenye matope, na sasa amesimama na soksi zilizotoboka.

Ningeweza kuruka tena. Neno moja hapa, neno moja pale, tungerudi mjini. Lakini jioni ingefika, na Tantine Sevinj angegonga mlango na keki yake.

"Koko," nikasema, na machozi yakaanza. "Hakusahau."

"Nani hakusahau?"

"Tantine. Alituambia. Alisema usiende upande wa pili, chini ni matope, hata ng'ombe alizama. Alisema yote. Mimi ndiye sikukuambia. Nilikuwa naangalia povu." Nikamgeukia Tantine Sevinj, nikayasema yale yale kwa Kiingereza, na kwamba Koko hajasahau kitu, akili zake ziko timamu kuliko zangu, onyo halikumfikia kwa sababu mimi nilimwambia "ndiyo, chota" tu.

Upepo ulivuma. Tantine Sevinj alijishika kiuno, akamtazama Koko, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa mwekundu. Koko alikaa juu ya jiwe polepole, akaweka mkono kifuani. Nilitaka anipige. Ingekuwa nafuu.

"Njoo hapa," akasema mwishowe. "Simama katikati yetu. Nitasema, utatafsiri. Kila neno. Ukiruka hata moja, nitalijua kwa macho yake."

Nikasimama katikati.

"Mama Sevinj," Koko alianza, "nilikukasirikia bure. Moyoni nilikuita mtu mbaya, na hukuwa na kosa. Nisamehe."

Nikatafsiri.

"Mjukuu wangu alidanganya leo."

Nikanyamaza.

"Tafsiri."

"Mjukuu wangu," nikasema kwa Kiingereza, sauti ikipasuka, "alidanganya leo."

"Alikudanganya wewe na akanidanganya mimi. Alikupa wewe kosa lake, na mimi akaniita mzee aliyepoteza akili. Ninamwonea haya."

Hayo yalikuwa maneno magumu kuliko yote niliyowahi kutafsiri. Kusikia bibi yako anakuonea haya ni jambo moja. Kulisema wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya mgeni, ni jambo lingine. Lakini niliyasema yote, neno kwa neno, na pua inachuruzika.

"Lakini ni mjukuu wangu," Koko akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Na amesema kweli pale ambapo hakuna mtu aliyeweza kumkamata. Hilo nalo lisemwe."

Nililisema hilo kwa shida, kwa sababu nilikuwa nalia vibaya.

Tantine Sevinj alipangusa macho kwa mkono wenye matope, akajichora uso wote. "Mwambie Koko nimemsamehe. Na mwambie mimi nami nina sehemu yangu. Miaka kumi naongoza watu, najua si kila mtu anasikia Kiingereza. Ningenyoosha mkono, ningesema 'pale hapana' kwa vidole. Niliongea tu, nikaona nimemaliza."

Nikampa Koko maneno yale yote. Akainamisha kichwa kwa heshima, kisha akanigeukia.

"Sasa nataka kujua. Kule Birmingham, ni mara ngapi umeniambia 'anasema ni sawa' na haikuwa sawa?"

Nikatazama raba alizovalishwa. "Mara nyingi, Koko. Dawa ya magoti... haikuwa vitunguu."

"Endelea."

"Na ile siku mama alikuwa zamu, ukaja wewe shuleni kwangu. Mwalimu hakusema nachangia sana darasani. Alisema nazungumza sana darasani."

Koko alifumba macho. Nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka! "Yesu wangu," alisema, "na mimi nilimnunulia huyu mtoto soda!" Tantine Sevinj akauliza kuna nini, nikatafsiri hilo nalo, na kile kicheko chake cha kuamsha mtaa kikagonga miamba.

Lakini Koko aliacha kucheka kabla yetu. Alinishika kidevu. "Jioni Mama Sevinj atakula sombe. Wewe utaitwanga, utaosha vyombo, na utamwambia mjomba wako mwenyewe yaliyotokea. Na kiatu changu utakifikiria kila unapovaa vyako."

"Ndiyo, Koko."

"Haya. Sasa mwambie atuonyeshe hiyo mashua. Na wewe usinipunguzie kitu."

Basi tukazunguka ile miamba saa nzima, na sijawahi kufanya kazi tamu namna ile! Tantine Sevinj alisema kwamba watu wa kale waliiona bahari ikiwa karibu zaidi kuliko leo, nikatafsiri. Alisema mchongaji alitumia jiwe kugonga jiwe, siku baada ya siku, nikatafsiri. Koko akauliza kama waliochora mashua walikuwa wavuvi, nikapeleka swali, nikaleta jibu, Koko akauliza jingine, na jingine. Kumbe Koko ana maswali! Miaka yote hiyo nilikuwa namletea majibu ya neno moja, nikadhani hana la kuuliza. Alitaka kujua samaki wao walikuwa wakubwa kiasi gani. Alimwonyesha Tantine Sevinj jinsi wavuvi wa Uvira wanavyowasha taa kuvuta ndagaa usiku, na Tantine akasikiliza mdomo wazi.

Mwishoni tulifika kwenye jiwe kubwa bapa. Tantine Sevinj alinipa kokoto. "Gonga," akasema. Nikagonga. Jiwe likalia kama ngoma! Ti-ti-taa! Nikagonga tena, kwa kasi, na Koko, akiwa na raba za mtu na kikwembe kilichokauka kwa matope, akainua mikono akacheza. Watu waliochongwa mwambani walikuwa wanacheza nyuma yake. Nilifurahi mpaka nikasahau kurekodi.

Saa sita na nusu tulikuwa barabarani tunarudi. Koko alikaa mbele safari hii, akajifunga mkanda mwenyewe. Kisha akazungumza bila kugeuka.

"Précieuse."

"Naam, Koko."

"Watu husema mjumbe hauawi. Ni kweli, hauawi. Lakini mjumbe anayeruka maneno anaweza kuua. Mtu akikupa neno lake umfikishie mwenzake, neno hilo si lako. Usilipunguze kwa sababu una haraka, wala usiligeuze kwa sababu unaogopa. Leo nimejifunza hivyo nikiwa matopeni hadi mapajani, na wewe, Précieuse, usisubiri kuzama ndipo ujifunze."

Tantine Sevinj alipunguza mwendo akaniangalia kwenye kioo. "Amesema nini?"

Koko akajibu kabla yangu. "Mtafsirie na hilo," akasema.

Nikamtafsiria, neno kwa neno, na jina langu likiwemo mara mbili.